Nani Amemwondoa?

Kampuni kubwa ikibadilisha mkurugenzi mtendaji, wenye hisa hukimbilia kumjadili mtu. Katoka wapi, kasomea nini, alikopita kaacha nini. Nimeshiriki mijadala ya namna hiyo kwa miaka kadhaa, karibu yote juu ya kampuni moja, Intel, watengenezaji wa chipu za kompyuta wa Marekani, na siku hizi jina la bosi mpya silo ninalolitafuta kwanza. Natafuta kwanza majina ya wajumbe wa bodi. Hao ndio wanaoajiri, hao ndio wanaoondoa, na sisi wenye hisa, hata wenye hisa chache, ndio tunaowapigia kura.

Mimi ni mzaliwa wa Tanga na naishi Chandler, Arizona, mji ambao Intel ina viwanda vyake vikubwa. Tuna kikundi cha uwekezaji cha Watanzania na Wakenya walioko Marekani. Wengi ni wauguzi na madereva wa malori, wachache ni wahasibu kama mimi, na tuna wazee waliokwisha staafu. Tunachanga kila mwezi, fedha zinaingia kwenye akaunti ya kikundi kwa dalali wa hisa, na Jumapili jioni tunakutana kwa Zoom. Mimi ndiye katibu. Intel iliingia kwenye kapu letu kwa sababu mbili ambazo hakuna aliyezipinga wakati ule: ilikuwa ikitoa gawio, yaani faida wanayogawiwa wenye hisa, tangu 1992, na karibu kila kompyuta tuliyowahi kuitumia ilikuwa na kibandiko chake.

Tuna mwenzetu mmoja ambaye mumewe hufanya kazi ndani ya viwanda hivyo. Siku tuliponunua, tulikubaliana kwamba mambo ya kazini kwa shemeji hayaulizwi wala hayasemwi kikundini. Kununua au kuuza hisa kwa habari za ndani ni kosa la jinai hapa, na dada yule alilisema mwenyewe kabla hatujalisema sisi. Kwa hiyo yote tuliyojua tuliyasoma mahali ambapo kila mtu angeweza kuyasoma. Nataja jambo hili kwa sababu watu wengi wanaamini kwamba wenye siri ndio wanaofaidika na mabadiliko ya uongozi. Mimi nimeona kwamba mengi yanayohitajika yamo kwenye karatasi za wazi ambazo hazisomwi.

Pat Gelsinger alipotangazwa Januari 13, 2021, kikundi kilifurahi na soko likafurahi. Bei ilipanda kwa takriban asilimia 7 siku hiyo hiyo. Alikuwa mtu rahisi kumpenda. Aliingia Intel mwaka 1979 akiwa na miaka 18, akasoma chuo huku anafanya kazi, akaongoza usanifu wa chipu ya kompyuta iitwayo 80486, akawa afisa mkuu wa teknolojia, akaondoka 2009, na baadaye akaiongoza VMware, kampuni ya programu. Bob Swan aliyempisha alikuwa mtu wa fedha. Kabla ya Swan, Brian Krzanich alijiuzulu Juni 2018 kwa sababu ya uhusiano wa zamani na mfanyakazi uliokiuka kanuni za kampuni. Na Julai 2020 Intel yenyewe ilitangaza kwamba chipu zake za kizazi kipya, za nanomita 7, zimechelewa, wakati TSMC, watengenezaji wa chipu wa Taiwan, ilikwisha itangulia. Mhandisi aliyekulia mle ndani anarudi nyumbani kuokoa jahazi, nani asingefurahi?

Mzee mmoja wetu, mtu wa Pangani aliyefanya kazi benki miaka mingi kabla ya kuwafuata watoto wake huku, ndiye pekee aliyekaa kimya. Nilimwuliza, "Shikamoo mzee, wewe waonaje?" Akaitikia, kisha akasema, "Huyu bwana sina neno naye. Ila waliomleta ndio wale wale waliomleta yule aliyetangulia." Mazungumzo yakaendelea juu ya 80486.

Mpango wa Gelsinger ulikuwa mkubwa kweli. Alisema Intel itapitia vizazi vitano vya teknolojia ya utengenezaji ndani ya miaka minne, na itafungua viwanda vyake kuwatengenezea chipu kampuni nyingine, kazi iliyoipa TSMC utajiri. Septemba 2021 ujenzi wa viwanda viwili vipya ulizinduliwa hapa Chandler, Fab 52 na Fab 62, kwa makisio ya dola bilioni 20. Januari 2022 ikatangazwa Ohio, bilioni 20 nyingine. Mimi niliuona ujenzi ule kwa macho. Asubuhi nikienda kazini winchi zilikuwa zimesimama upande ule wa mji nyingi kiasi kwamba mwanangu alizoea kuzihesabu, na malori ya zege yalitangulia jua. Mtu akikaa karibu na kazi kama hiyo anaelewa jambo ambalo mchoro wa bei kwenye simu hauwezi kumwonyesha: muda.

Kiwanda cha chipu ni kama mnazi, anayeupanda huenda asiwepo utakapozaa. Jengo peke yake ni miaka. Kisha zinaletwa mashine za kuchora saketi kwa mwanga wa EUV, ambazo duniani zinatengenezwa na kampuni moja tu, ASML ya Uholanzi, na kila moja ni zaidi ya dola milioni 100. Kisha wahandisi wanahangaika na uzalishaji hadi sehemu kubwa ya chipu zinazotoka kwenye kila kisahani cha silikoni ziwe nzima. Soko, kwa upande wake, linataka hesabu kila miezi mitatu. Bodi inayomwajiri mtu wa kujenga viwanda imekubali, hata isipotamka, kusubiri miaka na kumtetea mbele ya wenye hisa wakati fedha zinatoka na hakuna kinachoingia. Swali letu la 2021 lingefaa kuwa hilo: je, bodi hii ina subira hiyo, na ina watu wanaoweza kutofautisha kiwanda kinachochelewa na kiwanda kinachoshindwa?

Februari 2023 gawio lilishushwa kutoka senti 36.5 kwa hisa hadi senti 12.5. Kwetu haikuwa tarakimu ya magazeti tu. Wazee wawili kikundini walikuwa wanalielekeza gawio la kapu zima nyumbani, mmoja kwa ada za wajukuu. Agosti 1, 2024 kampuni ikatangaza kwamba gawio litasimama kabisa kuanzia robo ya mwisho ya mwaka, na kwamba watapunguzwa watu wapatao 15,000. Kesho yake bei ilianguka kwa asilimia 26. Nakumbuka ukimya kwenye kundi letu la WhatsApp asubuhi ile, kisha ujumbe wa sauti wa dada yule ambaye mumewe yumo: "Ndugu zangu, leo naomba tusizungumzie bei kwanza." Tukaiheshimu. Mtaani kwetu nyumba kadhaa zilikuwa zinasubiri kujua nani amo kwenye orodha, na katika watu hao hakuna aliyechagua mpango ule wala aliyeupigia kura.

Mwezi huo huo lilipita jambo dogo ambalo karibu tulikose. Lip-Bu Tan, mjumbe wa bodi aliyewahi kuiongoza Cadence, kampuni ya programu za kusanifia chipu, alijiuzulu ujumbe. Taarifa rasmi ilisema anahitaji kupanga upya majukumu yake. Ilikuwa aya chache. Mzee wa Pangani aliituma kundini bila maelezo yoyote, na chini yake akaweka orodha ya wajumbe waliobaki. Nilikaa nayo usiku ule nikisoma wasifu wa mmoja mmoja kwenye waraka ambao kampuni huwapelekea wenye hisa kabla ya mkutano mkuu wa mwaka. Kulikuwa na watu wa heshima kubwa: wa fedha, wa afya, wa vyuo vikuu. Waliowahi kukesha na kiwanda cha chipu kinachogoma niliwahesabu kwa shida. Mwenyekiti wa wakati ule, Frank Yeary, ametokea katika benki za uwekezaji na alikuwa kwenye bodi tangu 2009. Maana yake, alikuwemo Paul Otellini alipompisha Krzanich 2013, akawemo wakati wa Swan, akawemo wakati wa Gelsinger.

Robo ile ya tatu Intel ilitangaza hasara ya dola bilioni 16.6. Novemba ikatolewa kwenye faharasa ya Dow Jones, kipimo cha hisa za kampuni 30 kubwa za Marekani, ilimokuwa tangu 1999, na nafasi yake ikachukuliwa na Nvidia, kampuni nyingine ya chipu.

Kisha Jumatatu, Desemba 2, 2024, ikatoka taarifa kwamba Gelsinger amestaafu, kuanzia jana yake. Jana yake ilikuwa Jumapili. Mtu wa zaidi ya miaka 40 katika taaluma, mwenye viwanda vinavyojengwa katika majimbo mawili, anastaafu Jumapili bila mrithi. Kampuni inaachwa kwa makaimu wawili, David Zinsner wa fedha na Michelle Johnston Holthaus wa bidhaa, na mwenyekiti anapewa mamlaka ya utendaji kwa muda. Baadaye vyombo vya habari, Reuters ikiwamo, viliripoti kwamba bodi ilimpa achague: kustaafu au kuondolewa. Asubuhi bei ilipanda. Jioni ilifunga chini kidogo ya ilipoanzia.

Mkutano wetu wa dharura usiku ule ulikuwa mkali kuliko yote niliyowahi kuandikia kumbukumbu. Nusu walisema ameondolewa kwa haki, maana katika muhula wake hisa zilipoteza zaidi ya nusu ya thamani. Nusu walisema ameondolewa kabla mnazi haujazaa, kwa sababu teknolojia yake ya mwisho kati ya zile tano, 18A, ilikuwa haijafika uzalishaji mkubwa. Walinukuu, walipandisha sauti, kaka mmoja wa Dallas akatoka mkutanoni akarudi. Mzee akaomba nafasi. "Wanangu, mnauliza kama alistahili kuondolewa. Mimi nauliza, nani amemwondoa? Na huyo aliyemwondoa, alikuwa amemwandaa nani?"

Hakuna aliyekuwa na jibu, kwa kuwa taarifa yenyewe haikuwa nalo. Ndipo tukaanza kulinganisha na kampuni nyingine za kompyuta, na hapa ndipo nilipojifunza zaidi kuliko mahali pengine popote.

Steve Jobs alipoachia Apple Agosti 24, 2011, Tim Cook alikuwa amekwisha kukaimu kiti kile wakati wa maradhi ya Jobs. Bodi ilikuwa imemwona akifanya kazi ile ile. AMD, mshindani wa Intel, ilipompa Lisa Su uongozi Oktoba 2014, alikuwa tayari ndiye afisa mkuu wa uendeshaji. Hisa wakati ule zilikuwa za dola chache tu, na kilichofuata kinajulikana. Kisha kuna Hewlett-Packard. Mark Hurd alijiuzulu Agosti 2010, mwezi uliofuata bodi ikamtangaza Léo Apotheker kutoka nje, na New York Times likaja kuripoti kwamba wajumbe wengi hawakuwahi kukutana naye kabla ya kumpigia kura. Agosti 2011 alitangaza kwamba HP inafikiria kuachana na biashara yake ya kompyuta na itainunua Autonomy, kampuni ya programu ya Uingereza. Kesho yake bei ikaanguka kwa asilimia 20. Mwezi mmoja baadaye aliondolewa na Meg Whitman akaingia. Watu wakiisimulia habari ya HP humlaumu Apotheker. Mimi nikiisoma naiona bodi iliyokuwa na mgogoro wake yenyewe na haraka ya kuumaliza.

Wakenya wetu wenye hisa za Safaricom walikumbusha pia kwamba mkuu wake Bob Collymore alipofariki Julai 2019, Michael Joseph alishika nafasi haraka hadi Peter Ndegwa alipoingia Aprili 2020. Kampuni haikuyumba siku hata moja. Ilikuwa msiba, lakini kulikuwa na mtu anayeijua nyumba.

Kutoka usiku ule tuliweka kanuni mbili, nikaziandika kwenye katiba ya kikundi. Wiki ya tangazo la mkuu mpya au kuondoka kwa wa zamani, hatununui wala hatuuzi. Na kabla ya kuamua lolote, katibu anasoma mbele ya wote orodha ya bodi: nani ameingia, nani ametoka, nani amekaa muda gani, nani amewahi kufanya kazi ya kampuni hii kwa mikono yake. Siku tatu tu baada ya tangazo la kuondoka kwa Gelsinger, Intel iliwaongeza Eric Meurice, aliyewahi kuiongoza ASML, na Steve Sanghi wa Microchip, kampuni nyingine ya chipu. Kwangu mimi habari hiyo ilikuwa na uzito kuliko jina lolote lililokuwa likitajwa kwa ajili ya kiti cha juu, ingawa bei haikuijali.

Kanuni ilijaribiwa mapema. Machi 12, 2025 akatangazwa Lip-Bu Tan, yule yule aliyetoka kwenye bodi Agosti. Mzaliwa wa Malaysia, aliyekulia Singapore, mwekezaji wa siku nyingi katika kampuni za chipu. Kesho yake bei ilipanda kwa karibu asilimia 15, na kijana wetu dereva wa Ohio akataka mchango wote wa mwezi uende huko. Alikuwa na hoja nzuri: waraka wa ajira ya Tan unasema atanunua hisa za Intel za dola milioni 25 kwa fedha zake mwenyewe. Nami nililipenda hilo, nalipenda mpaka leo. Tulikaa na kanuni yetu. Aprili, ushuru wa forodha aliotangaza Rais Trump ulipolitikisa soko zima, bei ilikuwa chini ya dola 20. Sisemi tulijua. Bei iliyopanda Machi ilipanda kwa ajili ya mtu ambaye hakuwa amekaa hata siku moja kwenye kiti, kwa kuwa alianza Machi 18.

Kilichonituliza zaidi ni karatasi za mkutano mkuu wa mwaka zilipokuja masika yale. Wajumbe watatu hawakugombea tena. Niliifungua barua pepe ya kura mbele ya kikundi, nikaonyesha skrini: namba ya siri ya mwanahisa, halafu jina la kila mjumbe na mbele yake vitufe vya kukubali, kukataa na kutopiga. Wengi hawakuwahi kuiona. Ilikuwa inaingia kwenye barua pepe ya kikundi kila mwaka. Mama mmoja muuguzi wa Minnesota aliuliza kwa mshangao, "Yaani huyu mwenyekiti mimi naweza kumkataa?" Unaweza, mama. Kura yetu ni ndogo mno ndani ya hisa zaidi ya bilioni nne, lakini mwaka 2022 wenye hisa wa Intel kwa wingi wao walikataa malipo ya wakuu, pamoja na yale ya Gelsinger ya zaidi ya dola milioni 178, sehemu kubwa ikiwa hisa. Ilikuwa kura ya ushauri tu, na bado ilisikika. Tulijadili majina moja moja karibu saa mbili. Sikumbuki mjadala mwingine wa kikundi ambao kila mtu alizungumza.

Mwaka huo wa 2025 ulikuwa na mengine. Tan alifuta miradi ya Ujerumani na Poland, akapunguza kasi ya Ohio, akaendelea kupunguza watu. Agosti, Rais Trump alimtaka hadharani ajiuzulu, akakutana naye siku chache baadaye, na kabla ya mwezi kwisha serikali ya Marekani ikachukua karibu asilimia 10 ya kampuni, kwa dola 20.47 kila hisa. Kikundini watu walibishana kama ni ujamaa au ni uzalendo. Mimi nilitafuta kipengele kimoja kwenye taarifa, nikakipata: serikali haina kiti kwenye bodi, na imekubali kupiga kura pamoja na bodi isipokuwa katika mambo machache. Mwenye hisa mkubwa namna hiyo ameahidi mapema kuwafuata wale wale ambao sisi wadogo tunatakiwa kuwapima. Wenye hisa wengine waliobaki wana kazi zaidi ya waliyokuwa nayo, na ningependa wale wa mifuko mikubwa ya pensheni waichukue kwa uzito.

Septemba ikatangazwa kwamba Holthaus, aliyekuwa mmoja wa makaimu wawili, anaondoka. Wiki iliyofuata, Nvidia ilipotangaza kuwekeza dola bilioni 5 ndani ya Intel, kikundi kilitaka kuzungumzia Nvidia, na ni haki yao, maana bei iliruka kwa zaidi ya asilimia 20. Oktoba Intel ikasema Fab 52 imeanza kazi na 18A. Winchi za upande ule wa mji zimepungua sana.

Bado tunazo hisa zote. Mzee wa Pangani amenitumia swali la kuliingiza kwenye ajenda, na nimelituma kwa kampuni kupitia ofisi yake ya mahusiano na wawekezaji, kwa Kiingereza kifupi na cha adabu: tukiamka kesho Bwana Tan hayupo, bodi imemwandaa nani? Jibu halijaja. Nitaliuliza tena kura zitakapofunguliwa.